Goti Kwenye Chuma

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu nililelewa hivyo, ingawa aliyenilea ni bibi, wewe ukiwa safarini na kamera yako ukifuata bendi. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu. Kazi za useremala zimemjaa na vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Jumapili nilipiga simu kwenye hoteli mliyofikia. Nikapiga tena Jumatatu, nikapiga na Jumatano. Mara zote tatu mpokezi aliniunganisha na chumba chako na mara zote ulipokea mwenyewe. Nikasema, "Mama, ni mimi." Ukasema, "Haloo? Haloo? Laini mbaya!" Ukakata. Laini haikuwa mbaya, Mama. Nilikusikia mpaka unavyovuta pumzi. Nilimsikia hata mtu aliyekuwa anafagia nje ya mlango wako.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo, basi nakuandikia. Nina mimba ya miezi saba. Sikukuambia mapema kwa sababu ile ya kwanza nilimwambia kila mtu, na unajua ilivyoishia. Daktari anasema nitajifungua katikati ya Mei. Shuleni wamenipa likizo mpaka mwisho wa Julai tu, baada ya hapo narudi darasani kufundisha. Sitaki mtoto wangu alelewe na mtu nisiyemjua. Nataka umlee wewe. Chumba cha nyuma tumekipaka rangi kwa ajili yako.

Naogopa sana. Kila nikienda msalani naangalia kwanza kama kuna damu. Nahesabu mateke yake, na asipopiga kwa saa nzima nakunywa maji baridi ili aamke, kisha namwomba msamaha kwa kumsumbua.

Usinijibu habari za bendi. Nijibu hili.

Binti yako


11 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba, marahaba mara elfu! Barua yako nimeipokea leo ofisini kwa meneja, nikaisomea palepale, nikamkumbatia meneja, naye ni mtu asiyependa hata kushikwa mkono. Mpiga ngoma ameniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia ndiyo, naitwa bibi kuanzia leo.

Simu za hoteli hizi ni kutu tupu. Usizipigie tena, utaumwa bure. Andika. Barua zitanikuta popote, meneja ana orodha ya miji yote.

Sasa la kuja. Mwanangu, mkataba wangu na bendi umeongezwa mpaka Agosti, labda na zaidi. Wanataka kitabu kizima cha picha za safari hii. Siwezi kuwaacha njiani. Tafuta mama mmoja mtu mzima hapo mtaani, mwenye subira, mwenye masikio yake na macho yake, akusaidie mwanzoni. Mimi nitakuja mtoto akishaanza kutembea, nimfundishe kushika kamera kabla hajajua kushika kijiko.

Usihesabu mateke. Kula, lala, mtume mumeo dukani.

Mama


19 Machi

Dada,

Nimesafisha filamu kumi na nne ulizotuma. Nimekaa nazo chumba cha giza tangu Jumatatu, nimezitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yamevimba. Nikuulize jambo, na usinijibu kwa mzaha wako.

Miaka ishirini na sita nasafisha filamu zako. Najua unavyopiga picha kuliko unavyojijua. Ukimpiga mpiga ngoma, fimbo huwa juu, hewani, bado haijashuka. Watu wote wanakusifia kwa hilo. Uliwahi kunieleza mwenyewe hapa mezani kwangu: ukingoja kuiona fimbo iko juu umeshachelewa, ni lazima uisikie inakuja.

Mwaka jana, kuanzia mwezi wa sita, fimbo zote ziko chini. Kila picha, fimbo imeshatua kwenye ngoma. Mwimbaji ameshafunga mdomo. Nilinyamaza, nikasema dada amechoka. Kisha Januari fimbo zikapanda tena juu. Nikafurahi. Halafu nikaona kitu kingine: picha zote tangu Januari zimepigwa kutoka sehemu moja. Chini kabisa, kona ya kushoto, kama mtu aliyepiga magoti kutafuta sindano. Wewe uliyekuwa unakimbia mbele ya jukwaa kutoka pembe hii mpaka ile, leo umeota mizizi?

Mwanao amekuja hapa, tumbo liko mbele yake. Analia kwamba humtaki. Aliniuliza kwa nini unakata simu. Nilipomaliza kutazama filamu hizi, nikadhani nimelipata jibu.

Tangu lini husikii?

Kaka yako


28 Machi

Kaka,

Umenipata. Nimekaa na barua yako siku mbili nikitafuta uongo wa kukupa, nikakosa.

Sikio la kulia lilikufa mwaka juzi. Lilianza na mlio, kama birika lililosahauliwa jikoni. Siku moja mlio ukazima nikashukuru, nikajua nimepona. Kumbe ulikuwa umeondoka na kila kitu. Sasa la kushoto linafuata. Nikikaa na mtu uso kwa uso namsoma midomo, kinachopungua nakijaza mwenyewe. Wakicheka nacheka. Lakini simu haina midomo. Nikiinua mkono wa simu nasikia kitu kama mchanga unamwagwa, basi nasema laini mbaya, nakata, halafu nakaa kitandani nikijiuliza aliyepiga alikuwa nani na alikuwa ana shida gani.

Wenzangu walikuwa wanaziba masikio kwa pamba. Mimi nilijiona mjanja. Nilisema nikiziba sitaisikia fimbo. Unajua kanuni yetu: wapiga picha tunaruhusiwa kukaa kwenye ule mwanya kati ya jukwaa na watu kwa nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha tunatolewa. Nyimbo tatu tu. Kwa nyimbo tatu hizo nilipata picha ya mwimbaji akiwa hewani, miguu imekunjwa, gitaa liko juu ya kichwa chake, ile iliyokwenda kwenye jalada la santuri yao ya pili. Tangu hapo wakaniita Mama Nyimbo Tatu na hawajanipa ruhusa ya kupumzika. Spika zilizo kubwa kuliko kabati la marehemu mama zilikuwa zinaningurumia usoni, na mimi nacheka nazo.

Sasa nimejifunza njia nyingine. Kwenye kona ya kushoto kuna nguzo ya chuma inayobeba jukwaa. Napiga magoti, naegemeza goti langu kwenye ile nguzo, na ngoma inapanda kwa mfupa mpaka kwenye nyonga. Naijua fimbo kabla haijashuka. Wimbo ukiisha najua, naweka kidole kimoja, viwili, vitatu. Nakuwa wa kwanza kutoka ili baunsa asije akaniita kwa nyuma nisigeuke. Wakigundua, wananitoa siku hiyohiyo. Mtu asiyesikia "toka!" hawezi kukaa chini ya tani za vyuma na taa, na wana haki.

Usimwambie mwanangu. Sikwepi kumlea mjukuu wangu kwa sababu ya bendi. Namwogopa yule mtoto. Huyu binti alipokuwa anajifunza kulia mimi sikuwepo. Sasa anataka niwepo, na sitasikia.

Kuna lingine. Nguzo hiyo tunasafiri nayo, ni ile ile kila mji, ina doa la rangi nyekundu. Kwenye maonyesho mawili yaliyopita ngoma ziliponyamaza yenyewe haikunyamaza. Iliendelea kutetema chini ya goti langu kama mtu mwenye homa. Nimeanza kuiogopa.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Nimefunga duka mapema niandike. Mteja wa picha za pasipoti amenuna, anune.

Mwambie fundi wa jukwaa leo. Usingoje kesho. Kama chuma kinatetema na hakuna anayekipiga, kuna mahali kimeachia. Mimi si fundi lakini nina ngazi ya zamani humu dukani na najua inavyonifanyia kabla haijanitupa.

La pili, mwambie mwanao. Ukishindwa nitamwambia mimi. Nakupa mwezi mmoja. Anadhani mama yake hamtaki, na unajua hilo ni jeraha la tangu zamani, si la leo. Miaka yote ulipokuwa barabarani alikuwa anakuja hapa dukani kutazama picha zako zikining'inia zikikauka. Hakuwa anatazama wanamuziki. Alikuwa anatafuta kama umejipiga mwenyewe hata moja, kwa bahati mbaya, kwenye kioo cha mahali fulani.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Nimemwambia fundi. Ni mtu mwema, mnene, ana spana kiunoni kama wengine wanavyovaa saa. Akaniuliza, "Umesikia mlio? Wa kukwaruza au wa kugonga?" Nitasemaje nimesikia? Nikamwambia, "Nimehisi." Akasema, "Umehisi!" Hakusema kwa ubaya, lakini aliita wenzake wawili na nikaona midomo yao ikilirudia neno hilo. Akaingia chini, akakaza nati zote moja moja, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. "Mama Nyimbo Tatu, jukwaa langu ni zima kuliko ndoa yangu."

Jana goti langu lilikuwa pale tena. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, nguzo ikaanza homa yake, na safari hii haikuwa kutetema tu, ilikuwa inasogea kidogo na kurudi. Juu yangu kulikuwa na mnara wa spika, kumi na mbili zimepangwa. Nilipiga picha nne tu. Wenzangu watatu walikuwa wamenibana begani, hawana habari. Mmoja alinikonyeza. Nyuma yetu watu maelfu wanaruka, na kila wanaporuka pamoja ile nguzo inaruka nao.

Nikirudi kwa fundi ataniuliza tena nimesikia nini. Nikimwambia ukweli kwamba sisikii kitu, kwamba goti ndilo linalosikia, basi nimekwisha kazi hii na hata hivyo hataniamini. Nikinyamaza, na ikaanguka, nitakuwa nilijua. Sili. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa tunapiga kwenye uwanja wa wazi, mchana, onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka huu. Kaka, naogopa mpaka meno.

Dada yako


20 Aprili

Mama,

Daktari amenilaza kitandani. Shinikizo la damu limepanda. Naandika karatasi ikiwa juu ya tumbo, na mtoto anaipiga, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Umeniandikia nitafute "mama mtu mzima hapo mtaani". Nimefundisha watoto wa watu miaka sita na nimekutana na mama wengi wa kila namna, lakini sijawahi kuona anayemwambia mwanawe maneno hayo na kuweka mzaha wa kijiko. Nilimuuliza mjomba. Mjomba, ambaye huwa hafungi mdomo wake hata akiwa na kidonda cha jino, alinyamaza akaanza kupanga chupa za dawa ya kusafishia picha.

Kwa hiyo kuna jambo. Unaumwa? Una mtu? Umefungwa? Au ni lile lile tu, kwamba sisi huku tunakuchosha na kule kuna taa?

Kama hunitaki niambie kwa maandishi, niache kungoja. Nikienda kujifungua nataka niwe najua ninaye nani.

Binti yako


2 Mei

Kwako kaka wa Mama Nyimbo Tatu,

Hunijui. Mimi ni fundi wa jukwaa wa bendi anayosafiri nayo dada yako. Anayeandika ni mke wangu, mimi nasema tu, kwa sababu mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta. Anwani nimeitoa kwenye bahasha za filamu. Dada yako ni mzima. Natanguliza hilo usije ukasoma barua kwa presha.

Jumamosi tulipiga uwanjani, saa tisa mchana, jua kali. Wimbo wa pili ukiwa katikati, niliona mwanga mweupe ukimpiga mwimbaji usoni. Flashi. Ukapiga tena, na tena. Kaka, kwetu hilo ni tusi. Mpiga picha anayempiga msanii flashi jukwaani hatarudi tena kwenye kazi hii, na dada yako ndiye aliyekuwa anawafundisha wengine kanuni hiyo. Nilimwona amesimama mbele kabisa anaifyatua kama anamfukuza mbwa. Mwimbaji akafunika macho, akakosa maneno, gitaa likanyamaza, na mpiga ngoma akaacha. Watu wakaanza kuzomea.

Mabaunsa wawili walimnyanyua. Alikuwa anapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, inapanda na kushuka hovyo: "Nguzo! Nguzo yenye doa! Nendeni chini!" Meneja akaniangalia. Nilishuka chini ya jukwaa nikiwa na hasira, nikitaka nimwoneshe kila mtu kwamba ni zima. Muziki ulikuwa umekatwa. Nikaweka kiganja kwenye ile nguzo.

Ilikuwa inatetema peke yake.

Nguzo hiyo inaingia ndani ya bomba lingine fupi, na mimi siku zote nilikuwa nakaza nati za nje. Ufa, tuliouona baadaye, ulikuwa ndani ya lile bomba, pale palipochomelewa, na huwezi kuuona mpaka uivue. Nilipiga kelele wote washuke. Walishuka. Tukawasukuma watu nyuma. Nilibaki nikijaribu kuweka jeki, ndipo iliponivunja mkono, nikatambaa nikatoka. Mnara wa spika ulianguka kwenye ule mwanya wanapokaa wapiga picha. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Kamera moja tu, ya dada yako, aliyoiangusha walipombeba.

Baadaye meneja alimuuliza mbele yetu sote, "Ulijuaje?" Akasema, "Mimi ni kiziwi." Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana ndiye niliyemuuliza amesikia mlio gani.

Wamempa maua makubwa. Mwimbaji alimshika miguu. Kisha meneja akachukua kadi yake ya kuingilia. Alisema ni kwa usalama wake, na alisema kwa upole, lakini aliichukua. Tangu hapo yuko chumbani hotelini hatoki. Bendi imeshaondoka. Mimi nimebaki kwa sababu ya mkono, na namgongea mlango, kisha nakumbuka, basi napitisha karatasi chini ya mlango. Njoo umchukue, au mtume mtu.

Fundi


9 Mei

Mwanangu,

Laini haikuwa mbaya.

Mjomba wako aliniwekea mwezi mmoja na mwezi umepita, nadhani ameshakueleza, lakini nataka uisikie kwangu. Sisikii. Sikio moja limekufa, la pili limebakiwa na chembe. Uliponipigia na kusema "Mama, ni mimi," mimi nilisikia mchanga. Sikujua ni wewe. Sikukukata wewe, nilikata ule mchanga. Haya, nimesema.

Uliniuliza kama hukutakiwa. Nitakueleza kitu ambacho hata bibi yako hakukijua. Ulipokuwa na miezi minne nilirudi safari, na bibi akatoka kwenda msibani, akaniachia wewe mchana mzima. Nilikuwa jikoni nasafisha filamu kwenye karai, nimefungulia redio sauti ya juu, nikicheza. Jirani ndiye aliyeingia. Ulikuwa umebanwa mkono kwenye chaga za kitanda, umelia mpaka sauti imekauka, unafungua mdomo tu na hakuna kinachotoka. Wakati huo nilikuwa na masikio mawili mazima. Kesho yake nikaomba safari nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Watu walisema napenda muziki. Ni kweli niliupenda. Lakini mbele ya jukwaa hakuna anayeweza kunilaumu kwa kutosikia mtu akilia, maana kila kitu kinalia.

Sasa unanipa mtoto mwingine, nami nina nini? Usiku nitalala na yeye atafungua mdomo, na kwangu utakuwa ule mdomo wa miezi minne, unafunguka na hakuna kinachotoka. Siku ya onyesho niliogopa lakini nilikuwa na flashi ya kuwasimamisha watu. Kwako nitakuwa na nini?

Nimekaa hapa na maua yaliyonyauka. Mjomba anataka kuja kunichukua, nimemkatalia. Mtafute yule mama wa mtaani, nakuomba, na safari hii sifanyi mzaha. Nitakuja kuwatazama mchana, nyumba ikiwa na watu. Usiniache peke yangu naye. Nakutaka wewe kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga picha, na ndiyo sababu nakwambia hivi.

Mama


26 Mei

Mama,

Shikamoo. Una mjukuu. Amezaliwa tarehe kumi na saba, msichana, kilo tatu na kidogo, nywele zimesimama kama mpiga besi wenu. Mimi nimeshonwa lakini natembea. Hakukuwa na damu mbaya. Alipotoka hakulia kwa muda, na mkunga alipomgeuza nikaona mdomo umefunguka na hakuna sauti, na barua yako nilikuwa nimeisoma siku hiyohiyo asubuhi. Nilikufa kidogo, Mama. Kisha akalia.

Nilikukasirikia siku tatu. Siyo kwa masikio. Kwa karai na redio pia nimeshasamehe, mkono wangu huu hapa unakuandikia. Nilikukasirikia kwa simu. Mwaka mzima unaogopa peke yako na mimi naogopa peke yangu, na wote tuna kalamu.

Mkweo alisoma barua zako zote, nami nikampa asome na ya fundi kwa mjomba. Unamjua, huwa anaongea na mbao. Akaenda kwenye karakana. Alirudi na kitanda chako na kitanda cha mtoto, na vyote viwili amevitengeneza juu ya ubao mmoja. Ubao mmoja mrefu wa mninga, umepita chini ya mto wako ukaingia chini ya godoro lake, hauna kiungo. Nikamuuliza ni nini hiki, akasema, "Nguzo."

Sikumwamini mpaka nimejaribu. Jana mchana nilijaza pamba masikioni, nikafunga kitambaa, nikajifunika na mto juu, nikalala kitandani kwako na kiganja kwenye ubao. Nikamwambia mume wangu amlaze mtoto kitandani kwake na asinipe ishara yoyote. Nililala hapo nikiogopa kama unavyoogopa wewe, nikafikiria tumepoteza mbao bure. Muda ukapita, ubao umetulia. Halafu ukanipiga mkononi. Mara moja, mara mbili, kisha mfululizo, mpaka begani. Nikaruka. Mama, huyu mtoto analia kwa miguu! Kabla sauti haijatoka anaanza na visigino. Nilipovua pamba ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo. Baba yake aliyekuwa amekaa sebuleni na masikio yake yote alifika baada yangu.

Chumba cha nyuma ni chako. Yule mama wa mtaani hayupo, sijamtafuta.

Naogopa bado. Nikilala naota amenyamaza. Njoo tuogope pamoja.

Binti yako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imepitishwa chini ya mlango, nami nikafungua kuchukua chakula. Fundi ameisoma kwa kuwa ilikuwa haijafungwa vizuri, nimemwona machozi, anasingizia mkono unauma.

Nitafika Jumatano ya wiki ijayo, mchana. Sina kamera, ile moja iko chini ya spika, na mikono yangu haijui pa kukaa. Mjomba wako asije stendi, atapiga kelele za kuniita na watu watatushangaa.

Nitabisha hodi mara tatu kama mtu mwenye adabu. Kisha nitafungua mlango niingie mwenyewe, maana hata mkiniitikia karibu sitasikia.

Mama